Kadi Imeisha Muda Ukiwa Nje: Ukaazi wa Kudumu Unalindwaje?

Swali moja, majibu matano

Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, yuko Dar es Salaam, na kadi yake inaisha muda baada ya miezi miwili. Afanye nini? Wapo wanaosema aende ubalozini akaombe nyingine. Wapo wanaosema ajaze fomu kwenye intaneti, kadi ipelekwe kwa ndugu yake Houston au Minneapolis, kisha ndugu aitume kwa msafiri. Wengine wanaamini kwamba kadi ikifa, ukaazi nao umekufa. Wengine wanaapa kuwa hakuna shida yoyote mradi mtu akanyage ardhi ya Marekani mara moja kwa mwaka. Na wapo wenye hofu, wanaomhimiza akimbilie uwanja wa ndege kabla milango haijafungwa.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Tarehe 4 Juni 2025 rais wa Marekani alitoa tangazo la kuzuia au kubana raia wa nchi kadhaa kuingia nchini humo, na Burundi ikawa miongoni mwa zilizobanwa kwa sehemu. Tangazo lenyewe liliwaacha nje wakaazi wa kudumu, tena kwa maneno ya wazi, lakini habari iliyosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ilikuwa fupi kuliko tangazo: Marekani imefunga. Watanzania nao walikuwa na kumbukumbu yao. Tangazo la 31 Januari 2020 liliwazuia kuingia kwa viza za bahati nasibu, na katazo hilo likadumu hadi lilipofutwa 20 Januari 2021. Mtu aliyeshuhudia hayo hawezi kulaumiwa akiwa na wasiwasi.

Hata hivyo, wasiwasi mwingi umeelekezwa pasipo. Watu wanahangaikia kadi, ambayo ina dawa, na wanausahau ukaazi wenyewe, ambao unaweza kuponyoka wakati kadi bado ina miaka sita mbele yake.

Kadi ni ushahidi, hadhi ni kitu kingine

Kwa sheria ya Marekani, ukaazi wa kudumu hauishi kwa sababu tarehe iliyochapwa kwenye kadi imepita. Hadhi hiyo hukoma mtu anapopata uraia, anapoirudisha mwenyewe kwa maandishi, anapoondolewa kwa amri ya jaji wa uhamiaji, au inapothibitika kwamba ameutelekeza ukaazi wake. Kadi ni ushahidi wa hadhi tu. Zipo kadi zilizotolewa kati ya 1977 na 1989 ambazo hazikuwekewa tarehe ya mwisho kabisa, na wenye nazo hawakuwa wakaazi zaidi ya wengine.

Muda wa miaka 10 uliwekwa ili serikali ipate picha mpya, alama mpya za vidole, na nafasi ya kupitia rekodi za mhusika. Mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anatakiwa kisheria kuwa na kadi hai na kutembea nayo. Maombi ya kufanya upya hupelekwa kwa shirika la uhamiaji la Marekani, USCIS, kwa fomu I-90, ndani ya miezi 6 kabla ya kadi kuisha. Ada tangu Aprili 2024 ilipangwa kuwa dola 415 kwa anayeomba kwenye intaneti na dola 465 kwa anayetumia karatasi. Kwa kuwa foleni ni ndefu, tangu Septemba 2024 stakabadhi ya maombi hayo huipa kadi iliyoisha uhai wa miezi 36 zaidi. Anayeomba kabla hajasafiri, akabeba kadi ya zamani pamoja na stakabadhi yake, amejiondolea nusu ya matatizo yanayozungumziwa hapa.

Makundi mawili hayamo katika utulivu huo. La kwanza ni wenye kadi ya miaka 2, ambao wengi wao walipata ukaazi kwa ndoa changa. Hao wana ukaazi wa masharti. Wasipopeleka maombi ya kuondoa masharti ndani ya siku 90 za mwisho, hadhi yenyewe hukoma, na fomu I-90 haiwasaidii. La pili ni watoto. Kadi ya mtoto inatakiwa kubadilishwa anapofikisha miaka 14, hata kama tarehe yake bado, na familia zilizowapeleka watoto kwa bibi Tanga au Kisumu ili wakue na lugha na heshima za nyumbani mara nyingi hulijua hilo wakiwa wamechelewa. Tena nia ya mzazi huhesabiwa kuwa nia ya mtoto: mzazi akionekana ameutelekeza ukaazi, mtoto mdogo aliye chini yake huanguka pamoja naye.

Kwa nini ubalozi haufanyi upya

Anayeomba kadi mpya huitwa kituoni, ndani ya Marekani, kutoa alama za vidole, na kadi hutumwa kwa anwani ya huko. Hapa ndipo mbinu ya kumtumia ndugu inapovunjika. Ndugu anaweza kupokea barua, lakini hawezi kutoa vidole vya mwenzake. Zaidi ya hapo, anayeandika kuwa anaishi Minneapolis wakati anaishi Mwanza ametia saini taarifa ya uongo mbele ya serikali, na siku atakapoomba uraia saini ile itasomwa upya.

Ubalozi una kazi nyingine, nayo ni kumwezesha mkaazi kupanda ndege. Anayepoteza kadi akiwa safarini, na hajafikisha mwaka mmoja nje, huomba kwa fomu I-131A karatasi ya kumwonyesha msafirishaji. Ada yake, dola 575, ni kubwa kuliko ya kadi mpya. Mwenye kadi ya miaka 10 iliyoisha muda, ambaye hajakaa nje mwaka mzima, mara nyingi haihitaji hata karatasi hiyo, kwa sababu mwongozo wa forodha ya Marekani kwa mashirika ya ndege unaruhusu apakiwe. Tatizo ni kwamba mhudumu wa kaunta hajui mwongozo wote kichwani, na kampuni yake hutozwa faini ikimpakia abiria asiye na nyaraka. Mhudumu akiwa na shaka, hukataa. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki mpaka wa kwanza wa Marekani uko kwenye kaunta ya ndege, na ni busara kuulizia shirika la ndege kwa maandishi kabla ya siku ya safari.

Kuna kanuni moja inayowashangaza wengi. Grinikadi hukubaliwa kama hati ya kuingilia kwa mtu aliyekuwa nje kwa muda usiofika mwaka mmoja. Kwa hiyo kadi inayosomeka kuwa hai hadi 2032 haimtoshi mtu aliyekaa Arusha miezi 14, ilhali kadi iliyoisha mwezi uliopita inaweza kumfikisha salama mtu aliyekuja kumzika mama yake na kukaa wiki tano. Tarehe inayopaswa kukeshewa ni ile ya siku ya kuondoka Marekani.

Siku 180, mwaka mmoja, na swali la nia

Sheria ya Marekani ina ngazi. Anayerudi kabla ya siku 180 kwa kawaida hahesabiwi kuwa anaomba kuingia upya. Anayezidisha siku hizo huhesabiwa kuwa anaomba kuingia, na ofisa ana nafasi pana zaidi ya kumhoji. Anayezidisha mwaka anahitaji hati nyingine pamoja na maelezo mazito.

Lakini ngazi hizo hazimalizi shauri. Kipimo kikuu ni kama safari ilikuwa ya muda. Katika shauri la Kane la 1975, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ilitaja mambo ya kutazamwa: sababu ya kuondoka, kama safari ilikuwa na mwisho unaotarajiwa, na mahali ambapo mtu ana makao, kazi na familia. Mhusika wa shauri hilo alikuwa akirudi Marekani kila mwaka kwa muda mfupi, na bado alihesabiwa kuwa ameutelekeza ukaazi. Shauri la Huang la 1988 lilikazia kuwa kutamani kurudi siku moja hakutoshi, ikiwa maisha yote yamejengwa kwingine. Basi wale wanaofundishana kukanyaga Marekani mara moja kwa mwaka wanafundishana njia iliyokataliwa zaidi ya nusu karne sasa.

Ushahidi wa nia ni wa kila siku: nyumba au pango, akaunti ya benki inayotumika, leseni ya udereva, bima, na zaidi ya yote kodi. Mkaazi wa kudumu hutakiwa kuripoti mapato yake ya dunia nzima, pamoja na duka la Kariakoo au nyumba ya kupangisha Nyali. Akaunti zake zilizo nje ya Marekani zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, huripotiwa pia. Wapo wanaoshauriwa na marafiki wajaze kodi kama wasio wakaazi ili kupunguza mzigo. Hiyo ni hatari kubwa, kwa kuwa wanakuwa wameiandikia serikali kwa mkono wao kwamba hawaishi huko.

Upande wa pili upo pia, na lazima usemwe kwa sauti. Kazi ya kuthibitisha kwamba mkaazi ametelekeza hadhi yake ni ya serikali, tena kwa ushahidi wa kiwango cha juu. Ofisa wa uwanja wa ndege hana mamlaka ya kumvua mtu ukaazi pale dirishani. Anachoweza kufanya ni kumpa fomu I-407, ambayo ni ya kuurudisha ukaazi kwa hiari, au kumpeleka mbele ya jaji. Mtu aliyechoka kwa safari ya saa ishirini na akatishwa kwa maneno makali anaweza kutia saini asichokielewa. Ana haki ya kukataa na kuomba asikilizwe na jaji, na haki hii ndiyo inayojulikana kidogo kuliko zote kati ya wazee wetu wanaosafiri peke yao.

Kanada na Uingereza zimejibu vingine

Kanada imechagua hesabu. Tangu sheria yake ya uhamiaji ilipoanza kufanya kazi 2002, mkaazi wa kudumu anatakiwa awe ndani ya nchi angalau siku 730 katika kila miaka 5. Siku za nje huweza kuhesabiwa ikiwa mtu anaandamana na mwenzi aliye raia wa Kanada, au ameajiriwa kwa muda wote na kampuni ya Kanada au serikali yake na kupelekwa nje. Anayepungukiwa anaweza kujitetea kwa sababu za kibinadamu. Kadi huko nako haitumwi nje ya nchi, lakini aliye nje bila kadi hai huomba hati ya safari ya mkaazi wa kudumu kwa dola 50 za Kanada, na ofisa hupima siku zake hapohapo. Akikataliwa ana siku 60 za kukata rufaa.

Uingereza imechagua ukomo. Mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo akikaa nje miaka 2 mfululizo, ruhusa hujifuta yenyewe, naye hulazimika kuomba viza ya mkaazi anayerejea na kuonyesha mafungamano ya nguvu na nchi hiyo. Waliopata hadhi kupitia mpango wa raia wa Umoja wa Ulaya wamepewa miaka 5. Ni nchi hiyohiyo iliyowaonyesha watu wazi tofauti ya kadi na hadhi. Kadi nyingi za ukaazi zilichapwa tarehe ya mwisho ya 31 Desemba 2024 kwa sababu serikali ilikuwa inahamia kwenye viza ya kidijitali. Hadhi za wenye kadi ziliendelea. Hofu ikatanda hata hivyo.

Wanaotaka milango ifunguliwe na wanaotaka ibaki ilivyo

Wanaotaka kadi ifanyiwe upya popote wana hoja za maana. Balozi tayari zinachukua alama za vidole vya waombaji viza kila siku, hivyo mitambo ipo. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Afrika Mashariki ni mzigo mkubwa kwa mstaafu au mgonjwa. Na mtu ambaye hadhi yake haijafa anaachwa na ushahidi uliokufa, jambo linalomfanya aonekane mkosaji mbele ya kaunta ya ndege, benki na mwajiri.

Udhaifu wao uko mahali pamoja, nao ni mkubwa. Ukaazi ulitolewa kwa ahadi ya kukaa. Kadi ikifanywa upya bila mtu kurudi, baada ya miaka 20 kutakuwa na wakaazi wa kudumu wasiowahi kukaa, na nchi yoyote, pamoja na zetu, ingekataa. Tanzania au Kenya isingempa mgeni kibali cha ukaazi kisha kumtumia kipya akiwa kwao kila muda unapokwisha.

Wanaotetea utaratibu uliopo wana mantiki hiyo upande wao. Wanaongeza kwamba kumlazimisha mtu arudi ni njia rahisi ya kupima nia bila kuingilia maisha yake. Hapo ndipo ninapoachana nao. Safari ya kufuata kadi haipimi nia, inapima uwezo wa kulipa nauli. Mfanyabiashara mwenye maisha yake yote Dubai huruka, hutoa vidole, akaondoka na kadi mpya. Muuguzi aliyekwama Kigoma akimuuguza baba yake, ilhali kazi na watoto wake wako Ohio, hana nauli, naye ndiye mwenye nia ya kweli. Utaratibu unaomshinda wa pili na kumpitisha wa kwanza haujalinda kile unachodai kulinda.

Kati ya vipimo vitatu vya nchi hizi, cha Marekani ndicho chenye huruma zaidi kikiwa kwenye karatasi, kwa sababu kinaruhusu kila maisha yasikilizwe kwa sababu zake. Mtu aliyekaa miaka mitatu nje kwa sababu nzito anaweza kushinda. Lakini huruma hiyo humfikia mwenye wakili, mwenye stakabadhi zilizotunzwa, na mwenye Kiingereza cha kujieleza mbele ya ofisa. Mwingine huishi miaka kadhaa bila kujua kama bado ana hadhi au amekwisha kuipoteza, na kutojua huko ni adhabu tosha. Ukomo wa Uingereza unajulikana na kila mtu, ila unamkata aliyelazwa hospitalini sawasawa na aliyejiondokea. Hesabu ya Kanada naiona kuwa bora. Mtu anaweza kuhesabu siku zake jikoni kwa kalenda, akajua amebakiza ngapi, na aliyepungukiwa kwa msiba bado ana mlango wa kibinadamu. Ina kasoro yake: inampa anayehesabu vizuri nafasi ya kukaa siku 730 hasa bila kuijali nchi. Kasoro hiyo ni ndogo kuliko ile ya kumwacha mtu mwaminifu gizani.

Njia zilizopo, na bei ya kila moja

Kibali cha kuingia tena ndicho chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya anayejua mapema kwamba atakawia. Huombwa kwa fomu I-131, hudumu miaka 2, na huzuia urefu wa safari peke yake usitumike kama ushahidi wa kutelekeza ukaazi. Masharti yake ndiyo yanayowanyima wengi. Lazima mtu awe ndani ya Marekani siku anapoomba, na vidole hutolewa huko, ingawa kibali kikiwa tayari kinaweza kuchukuliwa ubalozini. Hakiongezwi muda kutoka nje. Aliyekaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita kwa kawaida hupewa mwaka mmoja tu. Ada yake tangu Aprili 2024 ni dola 630. Pia hakilindi hesabu ya uraia: mtu anaweza kurudi akiwa mkaazi halali na kukuta miaka yake imeanza kuhesabiwa upya.

Viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, ni ya aliyekwisha kuzidisha mwaka bila kibali. Huombwa ubalozini kwa fomu DS-117 yenye ada ya dola 180. Akikubaliwa, mtu hulipia na kupitia tena hatua za viza ya uhamiaji, pamoja na kipimo cha afya. Masharti matatu yanabana: awe alikuwa mkaazi alipoondoka, awe aliondoka akiwa na nia ya kurudi na hajaiacha, na kukawia kuwe kumesababishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Ugonjwa wake mwenyewe huingia. Kufungwa kwa mipaka wakati wa korona kuliingia. Kujenga nyumba, kusimamia biashara, au kazi nzuri Doha haviingii.

Kumuuguza mzazi ndiko kunakoleta machungu. Kwa ofisa, hiyo ni hiari: mtu angeweza kuajiri msaidizi akarudi. Kwa familia zetu mtoto wa mwisho aliyebaki hana hiari ya namna hiyo, na ndugu wote wanajua. Mwombaji asitegemee kwamba ofisa atalijua hilo. Barua za daktari, vyeti vya vifo vya ndugu wengine, na maelezo ya nani alikuwepo na nani hakuwepo ndivyo vitakavyoongea kwa niaba yake.

Kurudisha ukaazi kwa hiari huonekana kama kushindwa, ndiyo maana njia hiyo haizungumzwi. Naona inastahili kusemwa zaidi, hasa kwa wazazi waliofanyiwa mpango na watoto wao raia wa Marekani, wakapata kadi, kisha wakagundua kwamba maisha yao yako Moshi au Kisii. Wazee hao husafirishwa kila baada ya miezi mitano wakiwa na presha na magoti mabovu, ili kuilinda kadi wasiyoitaka. Mtoto raia aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea mzazi tena baadaye, bila foleni ya idadi ya viza. Mzazi anaweza kuirudisha kadi, akaomba viza ya kutembea, na akawa mkweli katika kila swali. Hatari ipo: viza ya kutembea haina uhakika, na sera hubadilika. Aliyekuwa na kadi katika miaka 8 kati ya 15 ya mwisho inampasa pia amwone mtaalamu wa kodi kabla ya kutia saini, kwa sababu kuna kodi ya kujitoa inayoweza kuwagusa wenye mali nyingi.

Uraia, na mahali Watanzania wanapokwama

Njia ya nne, uraia, humaliza shauri lote. Raia wa Marekani hahesabiwi siku. Anaweza kukaa Zanzibar miaka 10, na pasipoti yake hufanywa upya kupitia ubalozi. Sharti la kawaida ni miaka 5 ya ukaazi, ndani yake miezi 30 ya kuwepo nchini kimwili, bila safari ya mwaka mzima. Safari ya zaidi ya miezi 6 huleta dhana kwamba mfululizo umekatika, na mwombaji ndiye wa kuiondoa. Ada ni dola 710 kwenye intaneti kwa viwango vya Aprili 2024. Ni karibu dola 300 zaidi ya kadi ya miaka 10, na hailipwi tena.

Kwa Mkenya hesabu ni nyepesi. Katiba ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine. Mkenya anayeendelea kuhangaika na kadi miaka 15 baada ya kustahili uraia, bila sababu nyingine, anajipa kazi isiyo na faida.

Kwa Mtanzania mambo ni mazito. Sheria ya uraia ya 1995 humwondolea uraia mtu mzima anayechukua wa nchi nyingine kwa hiari, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama raia. Mkongomani yuko karibu na hapo, kwa kuwa katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikishwi na mwingine. Kwa hiyo Watanzania wengi wanaong'ang'ania grinikadi hawafanyi hivyo kwa uvivu wa kujaza fomu. Wanalinda shamba la babu, kura yao na haki ya kurudi bila kuulizwa. Wanavilinda kwa kadi ambayo iliundwa kwa ajili ya mtu anayeishi Marekani, na kadiri wanavyokuwepo nyumbani ndivyo inavyowaponyoka. Hadhi Maalum ambayo Tanzania imeiweka kwa diaspora wenye asili yake inapunguza sehemu ya machungu, hasa upande wa kuingia nchini na ardhi, lakini si uraia na haina kura.

Mizani ikipimwa

Kwa aliye nje chini ya miezi 6 na kadi imeisha, hatari kubwa ni kaunta ya ndege, na tiba yake ni kurudi, kisha kujaza I-90. Hana sababu ya kukosa usingizi. Aliye kati ya miezi 6 na mwaka arudi kabla mwaka haujatimia, akiwa na hati za kodi na makao mkononi. Aliyevuka mwaka kwa sababu asiyoweza kuizuia aende ubalozini na ushahidi wake wote, na asipande ndege kwa kubahatisha. Aliyevuka mwaka kwa kupenda, akiwa na kazi na familia huku, anakabiliwa na uamuzi ambao hakuna fomu itakayoufanya kwa niaba yake: kuhamia kweli, au kuirudisha kadi.

Kwa upande wa sera, kadi yenyewe iendelee kutolewa ndani ya nchi. Kinachodaiwa kwa haki ni kwamba kibali cha kuingia tena kiweze kuombwa ubalozini na mtu aliyefikwa na ugonjwa au msiba kabla mwaka haujaisha. Mashine za vidole ziko pale, maofisa wa kumhoji wako pale, na mtu yuko mlangoni akiwa bado ndani ya muda wake. Leo anaambiwa hati hiyo huombwa Marekani tu, arudi miezi kadhaa baadaye akiwa amechelewa, aombe SB-1. Badiliko hilo moja lingewasaidia wenye nia ya kweli bila kumpa chochote anayeitumia kadi kama viza ya matembezi. Dodoma nayo ina lake la kufanya. Mradi sheria ya uraia inabaki ilivyo, Mtanzania aliyestahili uraia wa Marekani miaka mingi iliyopita ataendelea kuhesabu siku kwenye pasipoti yake kila anapokuja kumwona mama.